Kifafa kisichosikia dawa: VNS, DBS au RNS kwa mgonjwa wa Mwanza na visiwani?

Vifaa vya kupandikizwa vinavyotuliza kifafa kwa umeme na vyenye ushahidi wa kutosha ni vitatu. VNS husisimua neva ya vagasi shingoni. DBS hupeleka umeme ndani kabisa ya ubongo, kwenye thalamasi. RNS hukaa kwenye fuvu, hufuatilia umeme wa ubongo muda wote na hujibu pale dalili za shambulio zinapoanza. Ukisoma takwimu peke yake utaona vinakaribiana. Kwa mtu anayeishi Igoma, Sengerema au Ukerewe, kinachoamua ni mambo mengine: nani atakirekebisha kifaa baada ya upasuaji, yuko umbali gani, na betri ikiisha nani atalipa.

Msimamo wetu tunausema mapema ili usome ukiujua. Kwa wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa ambao kweli wanahitaji kifaa, VNS ndiyo inayobebeka. DBS ina watu wake, nao ni wachache. RNS inamfaa anayeishi karibu na kituo kinachoihudumia, na vituo hivyo viko Marekani. Lakini wapo wengi wanaoambiwa watafute kifaa ilhali hawajafika huko, na hao tunaanza nao.

Je, kweli dawa zimeshindwa?

Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, ILAE, ilitoa tafsiri mwaka 2010. Kifafa huitwa sugu pale ambapo dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa, zikatumika ipasavyo na mgonjwa akazivumilia, zimeshindwa kukata mashambulio kabisa, ziwe zilitolewa moja moja au kwa pamoja. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu huangukia hapo. Sababu ya kuweka mstari kwenye dawa mbili ni hii: katika utafiti wa Kwan na Brodie uliochapishwa mwaka 2000, asilimia 47 ya wagonjwa walitulia kwa dawa ya kwanza, asilimia 13 kwa ya pili, na asilimia 4 tu kwa ya tatu au kwa kuchanganya. Kumaliza miaka sita ukizunguka kwenye dawa ya nne na ya tano ni kumpotezea mgonjwa muda.

Ila kila neno katika tafsiri ile lina uzito. Mtu mzima aliyetumia kabamazepini mg 200 kwa siku hajaijaribu dawa hiyo. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni mg 600 hadi 1,200 kwa siku, ikipandishwa polepole. Kijana anayeshtuka mikono asubuhi hadi chai inamwagika ana aina ya kifafa ambayo kabamazepini inaweza kuizidisha. Huyo anahitaji valproeti au levetirasetamu, na akiwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba, valproeti inaepukwa kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.

Dawa kukatika nako kunafanana sana na usugu. Kituo cha kisiwani kikiishiwa fenobabitoni na mgonjwa akaiacha ghafla, mashambulio hurudi kwa fujo, wakati mwingine mfululizo. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, hesabu siku ambazo mgonjwa alikuwa nayo mkononi.

Kama mgonjwa anatumia pia dawa za VVU, angalia hapa kwa makini. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hushusha kiwango cha dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo za VVU, mwilini. Kwa anayelazimika kubaki kwenye kabamazepini, dolutegraviri hutolewa mg 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Levetirasetamu haina mgongano huo. Kliniki ya VVU na kliniki ya kifafa zisiposomana vitabu, mgonjwa huumia pande zote mbili.

Usingizi pia. Mvuvi wa dagaa hukesha siku za giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Ukiona kuanguka kwake kunafuata ratiba hiyohiyo, tatizo la kwanza ni kukesha, na hakuna kifaa kitakachokushinda kukesha. Gongo ni hivyohivyo, hasa kesho yake.

Mwisho, hakikisha ni kifafa. Kuna kuzimia kunakotokana na moyo, na kuna mashambulio ya kisaikolojia yanayofanana na kifafa kwa macho ya nyumbani. Piga video ya shambulio kwa simu, tangu mwanzo kama unaweza, macho na mikono yote miwili vionekane. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, cha nusu saa kikitoka safi hakiondoi kifafa. Jibu la uhakika zaidi ni EEG inayorekodiwa pamoja na video kwa siku kadhaa, mpaka shambulio lenyewe linaswe.

Kinachotangulia kifaa

Kama mashambulio yanaanzia sehemu moja ya ubongo inayoweza kuondolewa bila kuharibu kusema, kuona au kutembea, upasuaji wa kuiondoa unavishinda vifaa vyote vitatu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001 uliwagawa kwa kura wagonjwa 80 wenye kifafa cha upande wa ubongo ulio karibu na sikio. Baada ya mwaka, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mashambulio ya kuwapotezea fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa. Hakuna kifaa cha umeme kinachofika hapo. Tena upasuaji huo hauna betri, hauna waya wa kukatika, hauna safari za kurekebishiwa. Umewahi kufanyika hata upande wetu wa Afrika, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda.

Kwa hiyo MRI ya ubongo iliyopigwa kwa mpangilio wa kifafa, yenye vipande vyembamba vinavyopita kwenye hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), ndicho kipimo cha kudai kwanza. MRI ya jumla iliyoandikwa "kawaida" mara nyingi imepitwa na kovu dogo. Mwambie daktari aandike kwenye fomu neno "kifafa" na upande anaoushuku.

Kwa mtoto anayeanguka ghafla kama gunia na kupasuka uso kila wiki, kuna upasuaji wa kukata daraja linalounganisha pande mbili za ubongo. Hauponyi kifafa, lakini kwa aina hiyo ya kuanguka mara nyingi hufanya kazi kuliko VNS.

Na kuna lishe ya mafuta mengi, ile ya uwiano wa 4 kwa 1: gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lenye watoto 145, asilimia 38 ya waliopewa lishe walipungukiwa mashambulio kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya wasiopewa. Fanya hesabu ya jikoni uone ugumu wake. Mtoto wa kilokalori 1,000 kwa siku anapata gramu 100 za mafuta, na gramu 25 tu za protini na wanga kwa pamoja. Kipande cha ugali cha gramu 100 kinakaribia kumaliza gramu zote hizo. Kinachobaki ni tui zito la nazi, parachichi, mayai, dagaa au sato waliokaangwa kwa mafuta mengi, na mizani ya jikoni ya gramu. Anzeni chini ya usimamizi wa hospitali, kwa sababu wapo watoto wenye kasoro za kuzaliwa za kuchakata mafuta ambao lishe hii inaweza kuwaua, na wengine hupata mawe ya figo. Miezi 3 inatosha kujua kama inasaidia.

Vitatu kwa pamoja

| | VNS | DBS | RNS |
|---|---|---|---|
| Kinapokaa | Kifaa chini ya mtulinga wa kushoto, waya kwenye neva ya shingo | Kifaa kifuani, waya mbili hadi thalamasi | Kifaa ndani ya fuvu, waya mbili kwenye chanzo |
| Idhini ya Marekani kwa kifafa | 1997 | 2018 | 2013 |
| Umri unaoidhinishwa huko | Kuanzia miaka 4 | Kuanzia 18 | Kuanzia 18 |
| Fuvu kufunguliwa | Hapana | Matundu mawili | Kipande cha mfupa hutolewa |
| Chanzo lazima kijulikane? | Hapana | Hapana | Ndiyo, kimoja au viwili |
| Kupungua kwa mashambulio | Karibu nusu ya wagonjwa hupungukiwa kwa 50% au zaidi ndani ya miaka 1–2 | 41% mwaka wa 1, 69% mwaka wa 5 | 44% mwaka wa 1, 75% mwaka wa 9 |
| Kinachosumbua zaidi | Sauti kukwaruza, kikohozi | Huzuni, kumbukumbu, usaha kwenye kidonda | Usaha, damu kuvuja ndani ya kichwa |

Asilimia za DBS na RNS ni za mgonjwa wa katikati: nusu walipata nafuu zaidi ya hapo, nusu pungufu. Na zile za miaka mingi zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa wasioona faida hujitoa njiani na dawa nazo hubadilishwa humohumo. Hakuna hata kimoja kinachoahidi kuacha kabisa. Kwa VNS, wanaoacha kuanguka kabisa ni chini ya mmoja kati ya kumi. Mtu aliyekuwa akianguka mara 20 kwa mwezi ajiandae kwa mara 10, nazo fupi zaidi na zenye kuzinduka haraka, huku akiendelea na dawa zake. Anayeuza shamba aambiwe hivyo kabla ya kuuza.

VNS kwa undani

Neva ya vagasi hushuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, na nyuzi zake nyingi, karibu asilimia 80, hupeleka habari juu kuelekea ubongoni. Ndiyo maana umeme ukiwekwa shingoni unafika ubongoni bila fuvu kuguswa. Hutumika upande wa kushoto kwa sababu neva ya kulia ina uhusiano mkubwa zaidi na sehemu inayoanzisha mapigo ya moyo. Binadamu wa kwanza aliwekewa mwaka 1988 huko Marekani, kwa hiyo njia hii ina zaidi ya miaka 35 ya uzoefu.

Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kuna michano miwili: mmoja shingoni kushoto, mwingine chini ya mtulinga au karibu na kwapa. Waya una miviringo mitatu laini inayozungushwa kwenye neva: miwili ni ya umeme, wa tatu ni wa kushikilia. Wapasuaji hupima waya mgonjwa akiwa bado mezani, na kwa nadra sana, karibu mmoja kwa elfu, moyo hupunguza kasi au kusimama kwa muda mfupi wakati wa kipimo hicho. Ndiyo maana daktari wa usingizi lazima awe anajua kinachopimwa na lini. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Kazi inaanza baada ya hapo. Kifaa huwashwa baada ya wiki 2 kwa miliampia 0.25, kisha hupandishwa kwa 0.25 kila wiki 2 hivi hadi kufika kati ya 1.5 na 2.25. Mapigo ni 20 hadi 30 kwa sekunde, kila pigo maikrosekunde 250 hadi 500. Mpangilio wa kawaida ni sekunde 30 za kuwaka na dakika 5 za kuzima, usiku na mchana, yaani karibu mara 260 kwa siku.

Fanya hesabu ya safari. Kutoka 0.25 hadi 1.5 ni hatua 5, kila moja wiki 2, jumla wiki 10 baada ya kuwashwa. Kama mwenye kompyuta ya kurekebishia yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mwanza, au yuko India, familia itachoka kwenye 0.75 na kubaki hapo, kisha iseme kifaa hakifanyi kazi. VNS iliyoachwa kwenye 0.5 ni pesa iliyozikwa kifuani. Zipo njia mbili za kukwepa mtego huo. Ya kwanza ni kuomba modeli mpya inayoweza kupangiwa ratiba ya kupanda yenyewe, hatua kwa hatua, bila mgonjwa kusafiri. Ya pili ni kumpata daktari wa karibu, kwa mfano wa kliniki ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa, atakayekubali kufundishwa na kukabidhiwa kifaa cha kurekebishia, kabla ya tarehe ya upasuaji.

Mgonjwa hupewa sumaku. Ikipitishwa juu ya kifaa kwa sekunde moja hivi, kifaa hutoa msisimuo wa ziada, kwa kawaida wa sekunde 60, ambao kwa baadhi ya watu hukata shambulio au kulifupisha. Ikishikiliwa juu ya kifaa, umeme husimama hadi sumaku iondolewe. Wafundishe watu wa nyumbani, mwalimu wa darasa na anayekaa naye dukani. Kosa la kawaida ni mtu mwenye hofu kuigandamiza sumaku kifuani wakati wa shambulio, akidhani anasaidia, kumbe amezima kifaa. Sumaku moja ikae na mgonjwa mwenyewe, nyingine na mlezi.

Kinachosumbua wengi ni sauti kukwaruza zile sekunde 30 za kuwaka, kikohozi na kuwashwa koo. Mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa. Isipopungua, daktari hushusha upana wa pigo kutoka 500 hadi 250 kabla ya kushusha mkondo wenyewe. Mhubiri, mwimbaji wa kwaya au mpiga debe anaweza kubandika sumaku juu ya kifaa kwa muda wa shughuli yake. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe kabla, kwa kuwa VNS inaweza kuzidisha hali hiyo. Mtoto anayepaliwa alishwe taratibu, na kama anapaliwa kila kifaa kinapowaka, kizimwe kwa sumaku wakati wa chakula.

Hatari kubwa ni maambukizi, kwa wagonjwa karibu 3 hadi 5 kati ya 100. Ukiona wekundu, joto, uvimbe au usaha kwenye mshono, rudi siku hiyohiyo. Usikande kwa maji ya moto na usipake dawa ya majani. Vijidudu vikishashika chuma, vidonge pekee mara nyingi havivifikii, na kifaa hulazimika kutolewa.

Waya ukikatika, dalili ni mashambulio kurudi ghafla, maumivu ya kuchoma shingoni, au ile sauti ya kukwaruza kutoweka yenyewe. Kipimo cha ukinzani wa waya kifanyike kila ziara, nacho ni cha dakika chache. Betri hudumu takribani miaka 3 hadi 8 kulingana na modeli na mkondo. Kubadilisha ni mchano mmoja wa kifuani, lakini kifaa kipya hulipiwa upya.

Maisha ya kila siku yana masharti machache. Spika kubwa zenye sumaku, simu na mashine ya kunyolea ya saluni zisikaribie kifua kwa chini ya sentimita 20. Tiba ya joto ya mawimbi kwenye kliniki za mazoezi ya viungo ni marufuku kwa vifaa vyote vitatu, kwani inaweza kupasha waya moto na kuunguza neva au ubongo. Picha ya kawaida ya ultrasaundi, ya mimba kwa mfano, haina shida. Kwa MRI, kadi ya kifaa lazima ionwe kabla: mkondo hushushwa hadi sifuri, na modeli za zamani zina mipaka ya sehemu ya mwili inayoweza kupigwa.

Faida moja ya VNS inasahaulika: haigombani na dawa yoyote. Haimgusi dolutegraviri wala dawa za kifua kikuu, haimharibii mwanamke uzazi wa mpango, haimsinzishi mtoto darasani. Kwa mgonjwa anayemeza dawa za magonjwa mawili au matatu, hilo ni jambo kubwa.

DBS

Hapa fremu ya chuma hufungwa kichwani, picha za MRI na CT zinaunganishwa kwenye kompyuta, na waya mbili nyembamba hushushwa kupitia matundu mawili ya fuvu hadi kiini cha mbele cha thalamasi, kila upande. Kila waya una sehemu nne za kutolea umeme. Waya hupitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kifaa cha kifuani. Kukosea milimita 2 au 3 ni kukosa shabaha, kwa hiyo usiende kwa timu inayojifunzia kwako.

Utafiti ulioifungulia njia, SANTE, ulichapishwa mwaka 2010 ukiwa na wagonjwa 110. Katika miezi 3 ambayo mgonjwa hakujua kama kifaa kimewashwa, waliowashiwa walipungukiwa kwa asilimia 40.4 na wasiowashiwa kwa 14.5. Mpangilio ulikuwa volti 5, mapigo 145 kwa sekunde, dakika 1 ya kuwaka na dakika 5 za kuzima. Waliofaidika zaidi ni wale ambao kifafa chao huanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, kwa sababu kiini hicho cha thalamasi kimeunganishwa na hipokampasi.

Bei yake ya kiafya ni kubwa kuliko ya VNS. Katika miezi ileile, huzuni iliripotiwa na asilimia 14.8 ya waliowashiwa dhidi ya 1.8, na malalamiko ya kumbukumbu asilimia 13 dhidi ya 1.8. Mwenye historia ya huzuni kali au ya kujaribu kujiua afikirie mara mbili, na familia yake ipewe namba ya kupiga. Zipo modeli za kuchajiwa zinazodumu miaka mingi zaidi, ila zinahitaji umeme wa uhakika na nidhamu ya kuchaji. Kisiwani kwenye sola ndogo, bora betri isiyochajiwa.

RNS

Kwa akili ya kazi yake, RNS ndiyo inayovutia kuliko zote. Kipande cha mfupa wa fuvu hutolewa, kifaa kikakaa pale, na waya mbili zikaelekezwa kwenye chanzo kimoja au viwili. Hutoa umeme pale tu inapotambua mwanzo wa shambulio, kwa jumla dakika chache kwa siku, na huhifadhi rekodi ambazo daktari anazisoma kama shajara ya ubongo. Ila mgonjwa lazima apakie rekodi hizo mara kwa mara kwa kompyuta na kifimbo maalumu kinachowekwa kichwani, na daktari aliyefunzwa azisome na kurekebisha utambuzi kwa miezi mingi. Bila mnyororo huo RNS haina akili tena. Hata ukipata wa kukuwekea nje, hatukushauri urudi nayo Mwanza.

Vile vifaa vya sikioni vinavyouzwa mtandaoni si mbadala wa VNS. Katika majaribio hutumika saa 4 hivi kila siku kwenye sikio la kushoto, na ushahidi wake kwa kifafa ni mwembamba. Usimwachishe mgonjwa dawa kwa ajili yake. Mashine za kukanda misuli kwa umeme za madukani hazihusiki kabisa, na zisiwekwe shingoni.

Nani achukue nini

Mtoto wa miaka 7 mwenye aina nyingi za mashambulio na MRI isiyoonyesha chanzo: lishe kwanza kwa miezi 3, kisha VNS. Mtu mzima ambaye kifafa kinaanzia pande zote mbili, akili na hisia zimetulia, na ana ndugu Dar es Salaam au nje wa kumhifadhi wakati wa marekebisho: DBS inaweza kuzungumzwa. Mwenye huzuni ya muda mrefu: VNS, ambayo Marekani imeidhinishwa hata kwa huzuni sugu tangu 2005. Aliyewekewa VNS miaka 2, akafika kwenye mkondo unaotakiwa na bado hajaona tofauti, bado anaweza kwenda DBS au kurudia uchunguzi wa upasuaji. Asiyeweza kupata daktari wa kurekebisha karibu, hata VNS asiwekewe kwanza. Pesa hiyo iende kwenye EEG ya video, MRI nzuri na dawa zisizokatika.

Na hakuna kifaa kinachomrudisha mtu peke yake kwenye mtumbwi, kwenye bodaboda, wala kuoga ziwani bila mwenzake. Shambulio moja ndani ya maji linatosha. Shambulio linalopita dakika 5 ni la kukimbiza hospitali, kifaa kiwepo kisiwepo.

Unapokwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ukiwa na fomu ya rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu ya Muhimbili, Dar es Salaam, beba daftari la miezi 3: tarehe, saa, aina ya shambulio, dakika, na kama dawa ilimezwa. Bila hesabu ya kabla, hutajua kama kifaa kimesaidia. Beba video, MRI yenyewe kwenye CD na si karatasi ya majibu tu, na orodha ya kila dawa na dozi ya juu iliyofikiwa.

Kabla ya kusaini, uliza haya. Nani ana kompyuta ya kurekebishia modeli hii Tanzania au nchi jirani? Amewahi kuwawekea wangapi? Kikipata usaha, nani anakitoa na wapi? Betri ikiisha, kifaa kipya ni dola ngapi kwa bei ya leo? Bei hizo ni za maelfu ya dola, na bima yako, iwe NHIF au nyingine, ijibu kwa maandishi kama inalipa kifaa, upasuaji au marekebisho, kwa kuwa ni mambo matatu tofauti. Kadi ya kifaa ipigwe picha na itumwe kwa ndugu wawili: jina la modeli, namba yake, tarehe ya kuwekwa na mkondo wa mwisho. Daktari mgeni atakayempokea mgonjwa akiwa hajitambui hawezi kukipangia chochote bila namba hizo.